UZI: Matamasha ya Dubai mwaka mzima kwa tunaotokea Kigoma na Tabora (lini uende, lini ubaki nyumbani)

Mwana_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikikaribia Oktoba swali ni lile lile: "Tamasha la Dubai linaanza lini, niende na mtaji?" Naanzisha uzi ili majibu yakae sehemu moja. Wenye data wajazie.

Kwanza, hakuna "tamasha la Dubai" moja. Yako mengi, na kila moja lina mtu wake. Mji ule uko jangwani, kwa hiyo anayepanga kalenda ni joto. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Aprili hewa ni nzuri. Januari mchana ni nyuzi 24 hivi, usiku hushuka hadi 14. Mtu wa Kasulu hatashtuka, ila wa Ujiji abebe sweta. Juni hadi Septemba mchana ni karibu 40 au zaidi, na unyevu wa bahari juu yake. Ndiyo maana shughuli zote za nje zimerundikwa miezi ya baridi, na kiangazi kimeachiwa maduka yenye viyoyozi.

Kubwa kuliko yote ni Dubai Shopping Festival, DSF. Ilianza 1996. Siku hizi inafunguliwa wiki ya kwanza ya Desemba na kufungwa wiki ya pili ya Januari; msimu wa 2024/25 ulianza 6 Desemba ukaisha 12 Januari. Ndani yake kuna fataki, droni zinazochora picha angani, bahati nasibu za magari na dhahabu, na punguzo la bei madukani.

Punguzo lenyewe haliji siku moja. Mwanzo wa tamasha ni kwa vitu vilivyochaguliwa tu. Tarehe 26 Desemba huwa kuna mauzo yanayodumu kwa muda wa saa 12 kwenye maduka makubwa ya mwenye mali mmoja, na hapo utaona mabango ya "hadi asilimia 90". Lisome hilo neno "hadi". Wiki ya mwisho bei zinashuka zaidi, lakini viatu vilivyobaki ni namba 37 na 46.

Bahati nasibu: kuponi inatolewa ukinunua kwa kiasi kilichowekwa, na kiasi hicho hubadilika msimu hadi msimu, soma bango dukani. Ukitumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba umeshinda dhahabu ya DSF na hujawahi kununua hata pini, huyo ni tapeli. Na hata kama ulinunua, mshindi halali halipi "ada ya kutolea zawadi".

Mzee_wa_Kibirizi (Kigoma)

Umeanza vizuri kijana wangu, ila mwenye duka asome hapa kabla hajauza ng'ombe.

DSF ni tamasha la rejareja. Punguzo liko kwenye majumba makubwa ya maduka na nguo zenye chapa. Mfanyabiashara wa Kigoma hanunui huko. Ananunua Deira, mtaa wa zamani wa biashara pale Dubai, maeneo ya Naif na Murshid Bazaar, au anakwenda Dragon Mart kule International City, jengo la bidhaa za China lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Muuzaji wa jumla bei yake inaongozwa na idadi: dazeni ina bei yake, katoni ina yake, katoni kumi ina yake. Tamasha haligusi hesabu hiyo. Kinachogusika ni hoteli. Kuanzia katikati ya Desemba hadi baada ya mwaka mpya vyumba vya Deira vinapanda, na juu ya bei ya chumba kuna tozo ya utalii ya dirham (fedha ya kule) 7 hadi 20 kwa usiku kulingana na nyota za hoteli. Ukienda na mtaji mdogo, chumba kinakula faida ya katoni mbili.

Mzigo nao una hesabu yake. Kwa ndege, mwenye kargo anapima uzito wa mizani na uzito wa ujazo, halafu anakutoza ulio mkubwa. Ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Katoni ya 60 × 50 × 40 ni 120,000. Ukigawa unapata kilo 20. Kama ndani kuna vyombo vya plastiki vyenye kilo 12, unalipia 20. Kwa hiyo vitu vyepesi vinavyovimba (mabeseni, wanasesere, mito) vipeleke melini, ambako unalipia mita za ujazo: katoni ile ile ni 0.12. Vitu vidogo vizito vinavyouzwa haraka, kama vipuri vya simu, ndivyo vya ndege.

Ukitaka mzigo wa sikukuu ya Krismasi uwe kwenye rafu za maduka ya Mwanga au Gungu hapa Kigoma kwa wakati, DSF imechelewa: inaanza Desemba. Usihesabu siku za meli peke yake. Kuna siku za kusubiri kontena lijae, kuna kutoa bandarini, halafu kuna zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar hadi kwetu. Mvua zikikaza, reli ya kati husombwa na maji kipande cha Kilosa na Gulwe, basi mzigo unalala. Mwezi mzuri wa mwenye duka kununua ni Septemba mwishoni hadi Oktoba: joto limeanza kupungua, hoteli hazijapanda, na tamasha bado.

Bint_Unyanyembe (Tabora)

Shikamoo mzee. Hapo kwenye rejareja nakubali, lakini usiwafukuze wote. Anayekwenda kununua dhahabu ya harusi au nguo za familia, DSF ina maana, mradi ajue risiti inasomwaje.

Soko la dhahabu la Deira bei ya gramu inabandikwa ukutani na ni moja kwa maduka yote, hiyo hubishani nayo. Unachobishana nacho ni ufundi, gharama ya kutengeneza. Wakati wa tamasha maduka mengi hushusha au kufuta ufundi kwa baadhi ya mitindo. Tuchukue namba za mfano tu, msije mkazishika kama bei: gramu ya karati 22 iwe dirham 400. Bangili ya gramu 10 ni 4,000. Ufundi dirham 20 kwa gramu, 200. Jumla 4,200. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 5 ni 210. Unalipa 4,410. Sasa ukiambiwa "ufundi bure", angalia kama hawajaurudisha kwenye uzito: bangili yenye mawe ipimwe kwa uzito wa dhahabu tupu, mawe yatolewe kwenye hesabu na uandikiwe hivyo kwenye risiti. Muhuri wa karati 22 ni 916, karati 21 ni 875, karati 18 ni 750. Kama hauoni, omba lenzi. Wote wanayo.

VAT mgeni anarudishiwa. Masharti: ununuzi wa kuanzia dirham 250 kwenye duka lililosajiliwa, pasipoti yako ipitishwe pale pale kwenye malipo (usiseme utairudia kesho), na uondoke na bidhaa ndani ya siku 90. Unarudishiwa asilimia 85 ya kodi, kisha wanakata dirham 4.80 kwa kila risiti. Kwa bangili yetu: 85% ya 210 ni 178.50, toa 4.80, mkononi 173.70.

Wengi wanakwama uwanja wa ndege. Dawati la uhakiki unalipitia KABLA ya kukabidhi mabegi, maana wanaweza kutaka kuona bidhaa. Ukishalipeleka begi kwenye mkanda, fedha imeenda. Na jambo ambalo wenye kargo hawakuambii: mzigo uliotangulia kwa kargo ya Deira haurudishiwi VAT kwa njia hii, kwa sababu sharti ni utoke nao mwenyewe. Kwa hiyo mfanyabiashara asiipige hesabu ile 5% kama faida.

Dogo_Cheyo (Tabora)

Shikamooni wakubwa. Mimi sina duka wala harusi, nataka kutembea tu. Fataki za mwaka mpya na ngamia vipi? Na Global Village ni kitu gani, kila mtu anaitaja.

Mwana_Mwanga (Kigoma)

Dogo, wewe ndiye hasa waliyemtengenezea kalenda hii.

Global Village ni uwanja mkubwa wa maonesho ya nchi mbalimbali: kila nchi au eneo lina jumba lake, bidhaa zake, vyakula na ngoma zake. La Afrika lipo, utakuta mafuta ya shea na vinyago, bei ya kushangaza kwa mtu aliyezoea vinyago vya Mwenge. Hufunguliwa katikati ya Oktoba na kufungwa Mei. Milango ni saa 10 jioni hadi saa 6 usiku, mwisho wa wiki inasogea hadi saa 7. Tiketi misimu ya karibuni ni dirham 25 kwa siku za kawaida na 30 kwa siku yoyote. Ya 25 haikubaliki Ijumaa, Jumamosi wala sikukuu. Jumanne ni ya familia na wanawake, kwa hiyo vijana watatu wa kiume mkifika Jumanne mtarudishwa getini.

Metro (treni ya mjini) haifiki. Panda basi: 103 kutoka kituo cha Union, 104 kutoka Al Ghubaiba, 106 kutoka Mall of the Emirates, nauli dirham 10. Kurudi ndiko kuna tabu. Watu wote wanatoka baada ya fataki, foleni ya basi inakuwa ndefu na teksi zinagombaniwa. Toka dakika 20 kabla, au kaa ule hadi foleni iishe.

Fataki za Burj Khalifa (mita 828, lilifunguliwa Januari 2010): kituo cha metro cha pale hufungwa jioni ya 31 Desemba, mara nyingi kuanzia saa 11. Aliyepanga kufika saa 3 usiku ataziona kwa mbali. Metro yenyewe usiku huo hailali, lakini unatembea hadi vituo vya jirani, na polisi wanapanga watu kwa njia. Ukiwa na mtoto mgongoni tafuta sehemu nyingine, fataki ziko maeneo mengi ya mji. Beba maji na chaji ya simu, maana kundi mkiachana mtandao unaelemewa.

Ngamia: mbio ziko Al Marmoom, nje ya mji kwenye barabara ya kwenda Al Ain. Msimu ni Oktoba hadi Aprili, zinaanza alfajiri na kuisha kabla jua halijakaza. Wapanda ngamia si watu tena. Tangu 2005, nchi ilipopiga marufuku watoto kupanda, mgongoni inafungwa roboti ndogo yenye mjeledi unaozunguka, imevishwa nguo za rangi za mwenye ngamia. Wenye ngamia wanakimbiza magari pembeni ya uwanja wakibonyeza rimoti na kumpigia ngamia kelele kwa redio iliyofungwa kwenye roboti. Kwa macho yangu hakuna shoo ya bure inayoizidi hiyo, na watalii wengi hawaijui kwa sababu wamelala.

Mbio za farasi, Dubai World Cup pale Meydan, kwa kawaida ni Jumamosi ya mwisho ya Machi. Zawadi ya mbio kuu ni dola milioni 12. Kamari uwanjani hakuna. Mavazi na kofia ndiyo nusu ya tamasha.

Asali_Sikonge (Tabora)

Mmesahau tukio ambalo kwa Tabora lina fedha kuliko yote: Gulfood. Si tamasha la kutembea. Ni maonesho ya biashara ya vyakula, anayeingia ni mtu wa biashara aliyejiandikisha, na ada ya kujiandikisha hupanda siku zikikaribia. Miaka mingi yalikuwa Februari. 2026 yaliwekwa 26 hadi 30 Januari, na yakagawanywa sehemu mbili: World Trade Centre na Expo City. Hizo sehemu ziko pande mbili za mji. Kabla ya kupanga miadi, andika mnunuzi wako yuko ukumbi gani, la sivyo siku inaishia kwenye metro.

Taasisi inayoratibu ushiriki wa Tanzania kwenye maonesho ya nje ni TanTrade. Kikundi cha asali hakina haja ya kukodi banda peke yake. Ulizeni nafasi kwenye banda la taifa miezi mingi kabla.

Sasa asali yenyewe. Mnunuzi wa Ghuba anajua asali, msimpelekee maneno. Ataangalia haya:

Maji. Kiwango cha kimataifa ni yasizidi asilimia 20. Zaidi ya hapo asali inachacha ndani ya ndoo, kifuniko kinavimba. Pima kwa refraktometa kabla ya kununua kwa mrinaji. Asali iliyorinwa masega hayajafunikwa na nta ndiyo inayokuja na maji mengi, hasa ya msimu wa mvua. Ya Juni na Julai ndiyo ya kupeleka.

HMF. Hiki ni kipimo cha maabara kinachoonesha kama asali imepashwa moto au imekaa sana. Kwa asali ya nchi za joto mwisho ni miligramu 80 kwa kilo, kwa nyingine 40. Mnunuzi mkali atadai 40 tu. Kinachoiharibu ni madumu kukaa juani uani na wachujaji wanaoichemsha ili ipite haraka kwenye kitambaa. Iache ijichuje yenyewe kivulini.

Moshi. Mrinaji anayetumia mwenge wa moto badala ya bomba la moshi anaacha harufu ambayo haitoki. Mtu akionja mara moja tu, mazungumzo yameisha.

Sampuli: chupa za gramu 250, sita hadi kumi na mbili zinatosha, kila moja na jina la eneo, mwezi wa kurina na namba ya kundi inayolingana na karatasi ya maabara. Usiijaze hadi mdomoni, acha nafasi ya sentimita moja, funga kifuniko kwa utepe wa gundi, kisha mfuko wa plastiki mmoja mmoja. Asali inahesabiwa kuwa kimiminika, kwa hiyo begi la mkononi mwisho ni mililita 100. Zilizobaki ziende begi la chini, katikati ya nguo. Na mkumbuke bei ya lita na bei ya kilo si moja: lita ya asali ni kama kilo 1.4. Ukimtajia mnunuzi bei ya kilo ukiwa umenunua kwa lita, hakikisha hesabu imekaa upande wako.

Mzee_wa_Kibirizi (Kigoma)

Umesema kweli. Na wa dagaa nao wasiende na kiroba. Dagaa wanataka cheti cha afya kutoka Uvuvi, pakiti iliyotolewa hewa, na mchanga sifuri. Dagaa walioanikwa chini hawavuki hata mlango wa mnunuzi. Waanikwe kwenye chanja.

Bint_Unyanyembe (Tabora)

Naongeza Ramadhani, maana ndiyo inayovuruga mipango yote ya miaka hii. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, 2028 karibu na 28 Januari, 2029 katikati ya Januari, na 2030 zitakuwa mbili: mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Yaani inaingia taratibu ndani ya msimu wa matamasha, na DSF yenyewe itakutana nayo. Saa za kazi hupunguzwa kwa saa mbili, ofisi za kargo zinakuwa nzito mchana, maduka ya Deira yanachangamka baada ya tarawehe. Kwa mnunuzi wa jumla, wiki mbili za mwisho za Ramadhani na sikukuu ya Idi ni kupoteza siku. Kwa mtembezi, usiku ni mzuri kuliko wakati wowote.

Kuna na Dubai Summer Surprises, kuanzia mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai hadi karibu na Septemba, ipo tangu 1998. Hoteli zinashuka sana. Kwa familia inayotaka kununua na kukaa ndani, naipa alama nyingi kuliko DSF. Global Village imefungwa, ngamia hakuna, na baadhi ya bustani za nje zimefungwa.

Mzee_wa_Kibirizi (Kigoma)

Binti yangu, kwa familia sawa. Kwa mwenye mzigo, ajue kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria inazuia kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9 mchana. Kupakia kontena nje kunasimama. Ukipanga kukagua mzigo wako ukipakiwa, kuwa ghalani saa 1 asubuhi, au usubiri jioni.

Dogo_Cheyo (Tabora)

Ahsanteni sana. Safari yenyewe sasa: kutoka Tabora, viza, na usafiri wa mle mjini?

Mwana_Mwanga (Kigoma)

Viza Mtanzania anaipata kabla ya kusafiri, kwa mtandao, kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Ikitoka, linganisha jina herufi kwa herufi na pasipoti. Wakala akikosea herufi moja utarudishwa Dar kwenye kaunta.

Ndege ya Tabora au Kigoma hadi Dar na ya Dar hadi Dubai zikiwa tiketi mbili tofauti, ya pili haikusubiri ya kwanza ikichelewa. Lala Dar usiku mmoja. Saa za Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja.

Fedha beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo duka la Deira likikupa karibu na hapo ni sawa. Uwanja wa ndege badilisha za teksi tu. Shilingi ziache nyumbani.

Mjini nunua kadi ya Nol (ya kulipia metro na mabasi), ile ya rangi ya fedha: dirham 25, ndani yake 19 ni za kutumia. Safari ya metro ni dirham 3, 5 au 7.50 kwa kanda unazovuka. Jumapili metro inaanza saa 2 asubuhi, siku nyingine saa 11 alfajiri. Usile wala kutafuna bigijii ndani, faini dirham 100. Behewa lenye mstari wa waridi ni la wanawake na watoto, mwanamume akikutwa humo faini hiyo hiyo, na wageni hukamatwa kila siku kwa kukimbilia mlango ulio karibu. Kuvuka hori la Deira kwa abra (boti ndogo ya abiria) ni dirham 1, sarafu.

Dawa: tramadol na zenye kodeini usibebe bila kibali cha kule, hata kama una cheti cha daktari wa hapa. Mirungi usibebe hata jani moja.

Na kurudi: tiketi ya Dubai mara nyingi inaruhusu mzigo mwingi kuliko ile ya ndani. Mabegi mawili yaliyopita Dubai bila swali yatapimwa upya Dar kwa kiwango cha ndege ya Tabora, na ziada inalipiwa kwa kilo. Begi la pili lifunge vizuri, lipeleke ofisi ya basi au ya treni, lije nyuma yako.